Mabingwa wa Sataranji, wa Kale na wa Sasa

Katika nchi ya Uhehe ni vigumu kumaliza maneno ya watu wawili wanaobishana, nani aliyekuwa mkuu zaidi, Munyigumba au mwanawe Mkwawa. Mmoja atasema, "Munyigumba ndiye aliyezikusanya himaya ndogo ndogo zikawa nchi moja. Asingalikuwako yeye, Mkwawa angalitawala nini?" Mwenzake atajibu, "Lakini ni Mkwawa aliyelivunja jeshi la Wadachi pale Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, na habari zake zikafika hata Ulaya." Wote wawili wasema kweli, na kwa hiyo hakuna ashindaye. Munyigumba alifariki yapata mwaka 1879. Alipigana na Wasangu na Wangoni, lakini hakuona mizinga ikielekezwa kwake, kama mwanawe alivyoiona pale Kalenga mwezi wa Oktoba 1894. Baba hakukutana na adui za mwana, wala mwana hakukutana na adui za baba katika siku za nguvu zao. Tutawapimaje?

Ubishi wa namna hii uko katika kila nchi, na katika kazi nyingi za wanadamu. Katika somo hili tutautazama katika mchezo mmoja, yaani sataranji. Nimeuchagua mchezo huu kwa sababu moja, nayo mtaiona mbele.

Wengi wenu mnalijua bao. Bao kamili lina mashimo 32 na kete 64, na kila mchezaji, akiisha kuzipanga kete 10 mahali pake, huanza na kete 22 mkononi. Sataranji huchezwa juu ya ubao bapa wenye vyumba 64, nusu vyeupe na nusu vyeusi. Kila mchezaji ana jeshi la kete 16: mfalme, malkia, ngome mbili, farasi wawili, maaskofu wawili, na askari wa miguu 8. Kila kete ina mwendo wake. Ngome huenda moja kwa moja, askofu huenda kwa mshazari, farasi huruka. Na mfalme, japo ni mfalme, huenda chumba kimoja tu. Mwenye kumbana mfalme wa mwenzake hata asiwe na pa kukimbilia, ameshinda. Hakuna bahati ndani yake, wala hakuna jambo lililofichwa. Kila kitu ki wazi mbele ya macho ya wote wawili, kama katika bao, na aliyeshindwa hana mtu wa kumlaumu ila nafsi yake.

Mchezo huu ni wa kale sana. Ulitoka Bara Hindi ukaenda Uajemi, na Waarabu wakaupokea kwa Waajemi, na jina la sataranji tumelipata kwa Waarabu. Katika mji wa Baghdad makhalifa walipenda kuwatazama wachezaji hodari. Khalifa al-Muktafi, aliyetawala tangu mwaka 902 hata 908, alikuwa na mchezaji wake ampendaye, jina lake al-Mawardi. Ndipo akaletwa mtu mwingine, Abu Bakr as-Suli, wakacheza mbele ya khalifa. Mwanzo khalifa alimtia moyo rafiki yake waziwazi. Lakini as-Suli akamshinda al-Mawardi ushindi usio na shaka, na tangu siku ile khalifa akamgeukia mshindi. As-Suli aliandika kitabu cha mchezo, na ndani ya mafumbo yake moja lilikuwa gumu kabisa. Kete zake ni chache mno, hata mtu hudhani atalifumbua kabla chai haijapoa. Fumbo hilo lilikaa yapata miaka elfu, hata Mrusi mmoja, Yuri Averbakh, akaonyesha ufumbuzi wake katika karne ya 20.

Je, tuseme kwamba as-Suli aliwapita wachezaji wote waliokuja baada yake? Ngojeni kidogo. Sataranji ya Baghdad haikuwa sawa na hii ya leo. Mahali pa malkia alikaa waziri, naye alikwenda chumba kimoja tu kwa mshazari. Mahali pa askofu alikaa tembo, aliyeruka vyumba viwili. Ilipokaribia mwaka 1500, watu wa Ulaya ya kusini waliibadili sheria, na yule waziri dhaifu akawa malkia, kete iliyo na nguvu kuliko zote. Basi kumlinganisha as-Suli na bingwa wa leo ni kama kumlinganisha mpiga upinde na mpiga bunduki. Twaweza kusema alikuwa wa kwanza katika zama zake, wala hatuwezi kusema zaidi.

Lakini tangu sheria zilipokaa kama zilivyo sasa, kulinganisha kumewezekana, na sababu yake ni maandishi. Kila chumba cha ubao kina jina lake. Safu zinazokwenda juu huitwa kwa herufi, tangu a hata h, na zile za kukingama huitwa kwa hesabu, tangu 1 hata 8. Mtu akimsogeza askari wake hata chumba e4, mwandishi huandika "e4", basi. Mchezo mzima wa saa nne hukaa katika nusu ya ukurasa. Na mtoto mwenye ubao mjini Mbeya aweza leo kuzipanga kete na kuucheza tena, hatua kwa hatua, mchezo uliochezwa Paris zaidi ya miaka 160 iliyopita. Hii ndiyo sababu niliyosema mtaiona. Wakimbiaji wa kale mbio zao zimepita, na waimbaji wa kale sauti zao zimenyamaza. Lakini akili ya mchezaji wa sataranji imeandikwa yote, pamoja na makosa yake.

Nimeutaja mji wa Paris kwa ajili ya Paul Morphy. Alizaliwa New Orleans, Marekani, mwaka 1837. Mwaka 1857 aliwashinda wachezaji wa Marekani, na mwaka uliofuata akavuka bahari. Wakati ule Adolf Anderssen, mwalimu wa hesabu kutoka Breslau, alihesabiwa kuwa wa kwanza katika Ulaya, maana alikuwa ameshinda mashindano makubwa ya London mwaka 1851. Walikutana Paris mwezi wa Desemba 1858. Morphy alikuwa na umri wa miaka 21. Alishinda mara 7, akashindwa mara 2, na mara 2 wakawa sare. Mwaka huo huo, katika nyumba ya michezo ya kuigiza, alicheza na wakuu wawili walioshauriana pamoja kumpinga yeye peke yake. Akamtoa malkia wake sadaka, nao wakamchukua, na kwa hatua ya 17 mfalme wao akawa amefungwa. Kisha Morphy akarudi kwao, akauacha mchezo kabla hajafika miaka 30. Alikufa mwaka 1884.

Wapo wasemao kwamba hajatokea mwingine kama yeye. Wengine hucheka wakisema kwamba kijana wa leo aliyesoma vizuri angalimshinda. Mimi naona watu hawa hawapingani, maana wajibu maswali mawili mbalimbali. Swali moja ni hili: ni nani aliyecheza hatua zilizo sahihi zaidi? Na jingine: ni nani aliyewaacha wenzake mbali zaidi, wale waliokula chakula kimoja naye na kusoma vitabu vilevile? Katika swali la kwanza wa leo ana nafuu kubwa, kwa kuwa aliyoyatafuta Morphy gizani kwa miaka, mtoto wa leo huyakuta kitabuni kwa juma moja. Katika swali la pili Morphy hana haya mbele ya mtu yeyote.

Tena mara chache hutokea jambo zuri, kwamba watu wa zama mbili hukutana ubaoni wenyewe. Emanuel Lasker, Mdachi aliyekuwa pia mtaalamu wa hesabu, alizaliwa mwaka 1868. Mwaka 1894 alimnyang'anya ubingwa wa dunia Wilhelm Steinitz, ambaye alikuwa bingwa tangu mwaka 1886. Watu wakamdharau, wakasema, "Amemshinda mzee," maana Steinitz alikuwa akikaribia miaka 60. Lasker hakujibu kwa maneno. Aliushika ubingwa miaka 27, na hakuna aliyeushika muda mrefu kama huo, si kabla yake wala baada yake.

Wakati huo huko Havana, katika kisiwa cha Cuba, alikuwa akikua mtoto aliyeitwa José Raúl Capablanca. Alizaliwa mwaka 1888. Husimuliwa kwamba alipokuwa na miaka 4 aliujua mchezo kwa kumtazama tu baba yake. Alipokuwa mtu mzima alicheza kama maji yateremkavyo mlimani, bila kelele na bila kupotea njia. Mwaka 1914 alikutana na Lasker katika mashindano ya St. Petersburg. Kijana alikuwa na miaka 25, mzee 45. Kijana alitangulia muda mrefu, na wote wakadhani mambo yamekwisha; lakini mwishoni Lasker alimpita kwa nusu ya alama, akawa wa kwanza. Mwaka 1921 wakakutana tena, sasa kwa ajili ya ubingwa wenyewe, kule kule Havana. Safari hii Capablanca alishinda mara 4, sare zikawa 10, na Lasker hakushinda hata mara moja. Hapo watu wakasema zama za Lasker zimepita.

Mwaka 1924 mashindano makubwa yalifanywa New York. Capablanca alikuwa bingwa, na tangu mwaka 1916 hakuwa ameshindwa hata mchezo mmoja wa mashindano. Katika mashindano yale Richard Réti akamshinda, na watu wakashangaa kama kwamba jua limechomoza magharibi. Lakini aliyepata nafasi ya kwanza hakuwa Réti. Alikuwa Lasker, mwenye miaka 55. Capablanca akawa wa pili, na wa tatu Alexander Alekhine, ambaye mwaka 1927 alimwondoa Capablanca katika ubingwa baada ya michezo 34. Mniruhusu kusema neno langu hapa. Vitabu vingi humsifu Capablanca kwa uzuri wa mchezo wake, nami naukubali. Lakini nikiulizwa ni nani aliyejipima mwenyewe kwa kipimo kilicho kigumu zaidi, nitamtaja Lasker. Alishindana na wale waliomtangulia, na wa rika lake, na wale ambao wangaliweza kuwa wanawe.

Hatuwezi kumpita Mir Sultan Khan. Mtu huyu alizaliwa Punjab, Bara Hindi, akajifunza kwanza sataranji ya kwao, ambayo sheria zake zilikuwa mbali kidogo na zile za Ulaya. Alikuwa mtumishi wa bwana mmoja tajiri, Sir Umar Hayat Khan, na bwana wake alipokwenda Uingereza mwaka 1929 alimchukua. Mwaka ule ule mtumishi huyu akawa bingwa wa Uingereza, na mara nyingine tena mwaka 1932 na 1933. Katika mashindano ya Hastings ya mwaka 1930 na 1931 alimshinda Capablanca mwenyewe. Mwisho wa mwaka 1933 bwana wake alirudi kwao, naye akarudi pamoja naye, na ulimwengu wa mashindano haukumwona tena. Alikufa mwaka 1966. Daraja ya juu ya mchezo, iitwayo bingwa mkuu, alipewa na chama cha sataranji cha dunia mwaka 2024, miaka 58 tangu alipozikwa. Tukiuliza ni nani aliyepanda juu zaidi kutoka mahali alipoanzia, kwa miaka michache kuliko wengine, sijui kama kuna wa kumweka mbele yake.

Watu wa siku hizi hawapendi kubishana bila hesabu. Arpad Elo, mzaliwa wa Hungaria aliyehamia Marekani, alitunga njia ya kumpa kila mchezaji alama. Ukimshinda mwenye nguvu, alama zako huongezeka sana. Ukimshinda dhaifu, huongezeka kidogo. Ukishindwa na dhaifu, ole wako. Chama cha dunia kiliikubali njia hiyo mwaka 1970. Mwaka 1972 Bobby Fischer wa Marekani, aliyemshinda Boris Spassky wa Urusi katika kisiwa cha Iceland na kuwa bingwa, alikuwa na alama 2785. Mwaka 2014 Magnus Carlsen wa Norway alifika alama 2882, na kabla yake hakuna aliyepata kufika hapo. Basi mtu mwepesi atasema shauri limekwisha, Carlsen amempita Fischer kwa alama 97.

Shauri halijaisha. Alama hizo hupimwa kwa wale unaocheza nao, na baada ya miaka 40 kundi lenyewe limekuwa jingine. Ni kama mtu apimaye mahindi kwa debe, na baba yake aliyapima kwa kikapu. Hesabu ya madebe na hesabu ya vikapu haziwezi kuwekwa pamoja. Tazameni badala yake umbali. Fischer alipokuwa na 2785, aliyemfuata alikuwa na 2660, tofauti ya 125. Carlsen alipokuwa na 2882, aliyemfuata alikuwa na 2815, tofauti ya 67. Katika kuwaacha wenzake Fischer ndiye mbele; katika usahihi wa mchezo naamini ni Carlsen. Tumerudi katika maswali yetu mawili.

Kisha zikaja mashine. Mwaka 1997 mashine iliyoitwa Deep Blue ilimshinda Garry Kasparov, aliyekuwa bingwa wa dunia, kwa alama tatu na nusu kwa mbili na nusu. Baada ya hapo mashine zimewapita wanadamu wote, kama gari limpitavyo mtembea kwa miguu. Basi wataalamu wakasema, tuna mwamuzi asiye na upendeleo. Mwaka 2006 watu wawili wa mji wa Ljubljana, nchi ya Slovenia, Matej Guid na Ivan Bratko, waliipa mashine michezo ya mabingwa wa dunia tangu Steinitz, ihesabu makosa katika kila hatua. Aliyeonekana kuwa na makosa machache kuliko wote ni Capablanca, mtu aliyekufa mwaka 1942.

Jibu hilo ni zuri, walakini lina jambo la kuangaliwa. Dereva apitaye uwanda wa Usangu hakosei mara nyingi kama yule apandaye kona za Kitonga. Capablanca alipenda njia zilizonyoka, wengine walijitia makusudi katika msitu. Hata wale wataalamu waliliona hilo, wakajaribu kupima pia ugumu wa kila mchezo. Mashine yaweza kutuambia ni nani aliyekosea, lakini si rahisi ituambie ni nani aliyethubutu.

Na sisi Waafrika je? Amon Simutowe wa Zambia, nchi ambayo mpaka wake ni hapa karibu, Tunduma, alipewa daraja ya bingwa mkuu mwaka 2009. Huko Uganda msichana Phiona Mutesi, aliyekulia Katwe katika mji wa Kampala, aliufahamu mchezo kwa mwalimu wake Robert Katende, na mwaka 2010 akawakilisha nchi yake katika mashindano ya mataifa yaliyofanywa Urusi. Michezo yao imeandikwa. Mtu atakayeishi mwaka 2100 akitaka kuwalinganisha na watu wa siku zake, ataikuta.

Lakini mafundi wa bao hawatakuwa na haki hiyo. Bao si mchezo wa akili ndogo. Muyaka bin Haji wa Mombasa, mshairi mkubwa aliyefariki yapata mwaka 1840, alitunga shairi juu yake. Mholanzi Alexander de Voogt aliwachunguza mafundi wa Unguja na akatoa kitabu juu yao mwaka 1995. Hao wa Unguja wamepata bahati. Katika nchi zetu hizi, tangu Iringa hata Mbeya, kila penye baraza na mti wa kivuli wazee huweza kutaja jina la mtu fulani wa zamani ambaye hakuna aliyemfunga. Waulizeni, "Alichezaje?" Watasema, "Alikuwa hatari." Waulizeni mchezo mmoja tu, alianzia shimo gani, kete zake zilikwenda upande gani, alipobanwa alijiokoaje. Watanyamaza, si kwa kuwa ni waongo, bali kwa kuwa moyo wa mwanadamu hauwezi kuchukua kete 64 zinazozunguka kwa miaka 50. Yule fundi amezikwa pamoja na michezo yake yote. Hata angalikuwa mkuu kuliko mafundi wote wa pwani, hakuna njia tena ya kujua.

Wala si vigumu kuandika bao. Kila mchezaji ana mistari miwili. Mwiteni mmoja wa Kusini, na mistari yake iwe A kwa ule wa mbele, na B kwa ule wa nyuma. Mwenzake ni wa Kaskazini, na mistari yake iwe C na D kwa namna hiyo hiyo. Mashimo ya kila mstari yahesabiwe tangu 1 hata 8, kutoka mkono wa kushoto wa mwandishi. Kwa kila zamu andikeni shimo alikoanzia na upande alikokwenda. Na kama kete zimefika katika nyumba yake, andikeni kama alisimama pale au aliivunja akaendelea. Mengine yote hufuata sheria, hayana haja ya kuandikwa.

Kazi ya darasa: wawili wacheze, na wa tatu aandike katika daftari. Kesho yake wanafunzi wengine watatu, wasiokuwapo jana, wapange kete na kuucheza mchezo ule ule kwa kuyafuata maandishi mpaka mwisho. Kete za mashimo zisipolingana na zile za jana, tafuteni ni zamu ya ngapi iliyoandikwa vibaya.